Laptopu Yako Haina Kesi ya Kujibu

Wasee, acha niseme mapema ndiyo mwenye atakasirika akasirike akiwa bado na bando: laptopu yako haina makosa. Hata hiyo programu unayoitukana saa nane usiku haina makosa unayoibebesha. Kuna watu wamekufundisha kuiogopa mashine yako, na wanakula kupitia hiyo hofu.

Kila wiki napata ujumbe wa aina moja. Video inakwama kwa taimlaini. Sauti imeachana na mdomo. Skrini imegeuka nyekundu ikasema faili haipo. Programu imefika asilimia 97 ya kutoa video, halafu ikajifunga bila hata kwaheri. Na sentensi ya mwisho ni ile ile: "Sasa ninunue laptopu gani?" Karibu hakuna anayeuliza hii shida inatoka wapi. Watu wameruka swali la fundi wakaenda moja kwa moja kwa swali la mnunuzi.

Hebu fikiria umepeleka gari Grogan, injini inakohoa. Fundi hajafungua hata boneti, anakuambia nunua gari lingine, na kwa bahati nzuri ako na binamu anauza. Huyo utamwita fundi? Utamwita broka, na utaondoka umeshika mfuko. Lakini kwa mambo ya kuediti tumezungukwa na mabroka na tunawaita mafundi. Tunawafuata, tunawasifu, tunawatumia pesa.

Najua jamaa mmoja wa Rongai, mtu wa harusi na video za makanisa. Taimlaini yake ilikuwa inakwama. Duka fulani mjini likamwambia mashine yake imepitwa na wakati. Akachukua nyingine kwa mkopo, elfu tisini, lipa pole pole. Alipoweka klipu zake za simu kwa mashine mpya, zikakwama tena. Si kama mwanzo, lakini zikakwama. Mkopo bado analipa. Dawa ya shida yake ilikuwa bure, ndani ya programu ile ile aliyokuwa nayo, na hakuna mtu pale dukani aliyekuwa na sababu ya kumwambia.

Hiyo ndiyo inanichoma. Mtu kutojua kitu si dhambi, atajifunza kesho. Lakini kumwacha asijue ili uendelee kumuuzia, hiyo ni tabia mbaya. Kwa hivyo leo tunafungua boneti, hapa mbele ya kila mtu, bila ada.

Kwa nini inakwama

Simu yako ikirekodi, haihifadhi kila fremu kama picha kamili. Ingefanya hivyo, dakika moja tu ya video ya 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde ingekula zaidi ya gigabaiti 11. Kwa hivyo inatumia kodeki, kawaida H.264 au H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Kodeki hizi huhifadhi fremu moja nzima, halafu zinazofuata zinaandikwa kama mabadiliko tu: mkono umesogea hapa, matatu imepita pale, ukuta umebaki vile vile. Ukitazama video kutoka mwanzo hadi mwisho, mashine inafuata hadithi bila jasho. Ukianza kuediti, unaruka. Rudi nyuma, kata, nenda mbele, rudi tena. Kila ukiruka, mashine inatafuta fremu nzima iliyo karibu, halafu inajenga upya zote za katikati ndiyo ikuonyeshe hiyo moja unayotaka.

Ndiyo maana klipu ile ile inacheza poa kwa VLC lakini inakwama kwa Premiere. Mashine si mgonjwa. Umeipa kitabu na kuiambia ianze kusoma katikati ya sentensi, kila dakika ukurasa tofauti.

Dawa inaitwa proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, wewe unaediti kwa hizo nakala, na ukifika mwisho wa kutoa video hakikisha imerudi kwa faili halisi. Ubora wa kazi yako haupungui hata chembe. Premiere Pro ina proksi tangu 2016. DaVinci Resolve inazo, hata ile ya bure. Final Cut Pro pia. Unazianzisha usiku, unalala, asubuhi mashine yako ya zamani inateleza. Na kama una haraka, punguza ubora wa kutazama uwe nusu au robo. Hiyo inagusa tu kile unachokiona ukifanya kazi, haigusi video ya mwisho.

Na jiulize kwanza kwa nini ulirekodi 4K. Fremu ya 4K ina pikseli 8,294,400. Ya 1080p ina 2,073,600. Umebeba mzigo mara nne zaidi kwa video ya sekunde 40 ambayo watu wataitazama kwa simu wakiwa ndani ya matatu. Kama huna mpango wa kukuza picha ndani ya fremu, huo mzigo ni wa nini?

Kuna mtu yeyote amewahi kuambiwa haya na wale wa "laptopu tano bora za waediti"? Watakuambiaje, na linki ya kununulia iko hapo chini na wanapata kamisheni ukibonyeza?

Sauti imeachana na mdomo

Hii imeharibia watu podikasti nzima. Dakika ya kwanza kila kitu kiko sawa. Dakika ya thelathini, mtu anafunga mdomo na bado anaongea. Mabroka watakuambia ni RAM. RAM haijui hata hiyo kesi inahusu nini.

Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika. Umechagua fremu 30 kwa sekunde, lakini mwanga ukipungua ama simu ikipata joto inashusha kidogo, halafu inapandisha tena. Sauti yenyewe inaenda kwa mwendo mmoja. Programu ya kuediti nayo inapenda fremu zije kwa kipimo sawa. Hizo tofauti ndogo zikijumlishwa nusu saa, mdomo na sauti vinaachana. Matoleo mapya ya programu yamejaribu kulishughulikia hili, lakini bado linachapa watu.

Pakua HandBrake, ni ya bure kabisa. Weka klipu yako, nenda kwa sehemu ya video, chagua "Constant Framerate" badala ya ile inayobadilika, acha ifanye kazi. Halafu ndiyo upeleke faili mpya kwa taimlaini. Hilo somo nimewahi kuliona ndani ya kozi ya elfu tano likiitwa "siri ya wataalamu". Siri! Kitufe kimoja!

Rangi zimeungua

Unarekodi kwa iPhone, kwa simu picha ni tamu. Ukiiweka kwa kompyuta, nyuso zinang'aa kama zimepakwa mafuta na anga limekuwa shuka nyeupe. Unaanza kununua paketi za rangi mtandaoni, moja baada ya nyingine, na hakuna inayosaidia.

Kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020, hizo simu zinaweza kurekodi video ya HDR, yaani yenye mwanga mpana kuliko video ya kawaida. Taimlaini yako iko kwa kipimo cha kawaida, Rec. 709. Umemimina ndoo kwa kikombe. Zima HDR kwa mipangilio ya kamera kabla ya kurekodi. Kama umesharekodi, iambie programu ibadilishe nafasi ya rangi ya klipu kwenda Rec. 709. Kwa Premiere iko ndani ya mipangilio ya klipu, kwa Resolve iko kwa usimamizi wa rangi. Ukimaliza hapo ndiyo uongee mambo ya paketi za rangi.

Na kuna hii nyingine, ya kuwaka na kuzima kwa taa. Video ya ndani ya nyumba ina mistari inayotembea ukutani. Hapa nalaumu vile tunavyomeza mafunzo ya Marekani bila kutafuna. Umeme wao ni hezi 60. Wetu Kenya ni hezi 50. Taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara mbili ya hiyo hezi, yaani mara 100 kwa sekunde. Mwalimu wako wa YouTube anakuambia shata iwe 1/60, na kwake ni sawa kabisa. Kwako weka 1/50 au 1/100, na urekodi fremu 25. Kwa iPhone, washa chaguo la kuonyesha fomati za PAL ndiyo hizo fremu 25 zitokee. Hakuna programu itakusafishia hiyo kitu vizuri baadaye. Ni kitu cha sekunde kumi kabla ya kubonyeza rekodi, lakini mtu lazima akuambie.

After Effects si adui yako

Sasa tuje kwa watu wa michoro inayotembea, wenye majeraha mengi kuliko wote. Malalamiko ni haya: "Nacheza sekunde nane, inasimama. After Effects inachukia laptopu yangu."

Tufanye hesabu ya darasa la sita. Fremu moja ya 1080p kwa rangi za kawaida za biti 8 inachukua kama megabaiti 8.3 ndani ya RAM. Fremu 25 kwa sekunde, hiyo ni kama megabaiti 207 kwa kila sekunde moja. Sekunde kumi zinakaribia gigabaiti 2. Una RAM ya gigabaiti 8. Windows imechukua yake, kivinjari chenye tabo thelathini kimechukua yake, na wewe umebaki na makombo. After Effects haichezi video vile Premiere inacheza. Inakokotoa kila fremu na kuiweka kwa RAM, ndiyo maana unaona ule mstari wa kijani ukitambaa. Kwa matoleo ya kabla ya 2025, RAM ikijaa, inasimama. Matoleo hayo yaliundwa hivyo, na yanafanya hivyo hata kwa mashine ya laki tatu, tofauti ni yatasimama mbele kidogo.

Ukijua hiyo, unajua cha kufanya. Weka ubora wa kutazama kwa nusu: urefu nusu, upana nusu, kwa hivyo pikseli ni robo, na RAM ile ile inabeba muda mara nne. Fupisha eneo la kazi liwe zile sekunde tatu unazozirekebisha. Zima ukungu wa mwendo mpaka mwisho. Sehemu iliyokamilika, itoe kama klipu na uirudishe ndani ikiwa imeiva. Funga kivinjari. Na ukiona picha ya zamani inajirudia hata baada ya kubadilisha kitu, nenda Edit, halafu Purge, futa kache yote.

Halafu kuna ile picha kukataa kabisa kubadilika, unasogeza vitu na hakuna kinachotokea. Angalia kitufe cha Caps Lock. Siko kwa utani. Caps Lock ikiwa imewashwa, After Effects inaacha kuonyesha mabadiliko, na inaandika hivyo kwa mstari mwekundu chini ya dirisha. Najua mtu amepeleka kompyuta kwa fundi, akalipishwa elfu mbili ya "kusafisha vairasi", na dawa ilikuwa kidole kimoja. Huyo fundi alijua? Sijui gani ni mbaya zaidi, kama alijua ama hakujua.

Skrini nyekundu na asilimia 97

Ukiona skrini nyekundu inayosema midia haipatikani, pumua. Hakuna kilichopotea. Faili ya mradi haibebi video zako, inabeba anwani zake tu. Ndiyo maana ni ndogo hivyo. Umehamisha folda, umebadilisha jina, ama umechomoa flashi ya rafiki yako, na anwani imekuwa ya uongo. Bonyeza kulia, chagua "Link Media", ionyeshe klipu zilipohamia, kwisha. Ndiyo usirudi hapo tena: kila mradi folda yake moja, klipu zote ziingie humo kabla hujafungua programu. Hakuna kuediti moja kwa moja kutoka folda ya WhatsApp.

Video kufeli ikitoka nayo ina sababu zinazohesabika kwa vidole. Premiere ikifeli, mara nyingi inakuambia ni kwa sekunde gani. Watu wanafunga huo ujumbe bila kuusoma kama wanafunga tangazo. Nenda kwa hiyo sekunde. Utapata klipu iliyoharibika, ama efekti iliyokwama. Toa efekti, jaribu tena. Kama bado, badilisha utoaji kutoka kwa kadi ya picha uende kwa programu pekee. Itachukua muda mrefu, lakini itafika. Angalia diski pia, juu kache ya midia hujaa kimya kimya mpaka hakuna nafasi ya kuandika video mpya. Ifute kwa mipangilio, haigusi kazi yako.

Na ukikopi video ya harusi kwa flashi ikakataa huku nafasi ikiwepo tele, hiyo flashi iko kwa fomati ya FAT32, ambayo haikubali faili moja inayozidi gigabaiti 4. Ifomati iwe exFAT baada ya kuhamisha vitu vilivyomo. Kuna watu wametupa flashi nzima wakifikiri ni feki.

Stima nayo usiisahau. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliingia karibu nchi nzima, na kuna waliopoteza kazi ya siku na kuna waliopoteza dakika chache tu. Waliotofautiana ni kwa mpangilio mmoja: kuhifadhi kiotomatiki kila baada ya dakika tano, na nakala kwa diski nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kuediti unajengwa usiku mzima kabla ya kliendi kupiga simu asubuhi.

Kuhusu kreki

Hapa najua nitakanyaga vidole. Sitakuhubiria mambo ya dhambi, mimi najua bei ya kulipia programu kwa dola kila mwezi na najua mfuko wa kijana wa Nairobi. Nakuambia tu vile kreki inavyofanya kazi. Kitu cha kwanza inakuomba ni uzime antivairasi. Fikiria mgeni anayekuja kwako na sharti lake la kwanza ni ufunge mbwa na uzime taa. Halafu huwezi kusasisha, kwa hivyo hitilafu iliyorekebishwa miaka miwili iliyopita bado inaishi kwako, na wewe unasema "Premiere ni mbovu".

Kubwa zaidi ni akaunti zako. Machi 2023, Linus Tech Tips, watu ambao kompyuta ndiyo kazi yao, walinyang'anywa chaneli za YouTube na wezi. Ilianza na faili moja iliyofunguliwa kutoka kwa barua pepe ya udhamini bandia. Programu hasidi iliiba vidakuzi vya kivinjari, na mwizi akaingia bila kuhitaji nenosiri. Wale wana timu, na YouTube iliwarudishia. Wewe uliyefungulia mlango faili ya kreki kwa mkono wako, nani atakurudishia chaneli yako ya wafuasi elfu nane?

Na njia ya bure ipo. DaVinci Resolve ya bure inatoa video mpaka 4K ya 3840 kwa 2160. Blender ni ya bure yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na inafanya michoro inayotembea na vitu vya 3D. Filamu ya Flow ya Gints Zilbalodis kutoka Latvia ilitengenezwa kwa Blender na ikashinda Oscar ya filamu bora ya katuni mwaka 2025. Ikiwa programu ya bure imefika Oscar, itashindwa na tangazo la kinyozi wa Umoja?

Wale wanaoficha

Sasa niwarudie wakubwa wetu wa hii kazi, kwa heshima lakini bila kuzunguka. Makaka, madada, nyinyi mlijifunza wapi? Mlijifunza bure, kwa watu wa mbali ambao hawakuwajua, walioandika na kurekodi majibu yao usiku wa kwao. Mkishajua, mnafunga mlango na kuweka bei. Ukiwauliza swali mnasema "njoo kwa masterkilasi". Ukilipa, unapata video tatu za kujisifu na moja ya kutumia kitufe.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilishinda nyumbani. Kwa hivyo najua vile inakaa ukiwa huna mwalimu, huna maktaba, una simu na bando ya shilingi hamsini. Mtu kama huyo ukimficha sababu ya taimlaini kukwama, hajanyimwa tu ujuzi. Anaambiwa kimya kimya kwamba hii kazi ni ya wenye pesa. Anaamini. Anauza hata hiyo laptopu aliyokuwa nayo. Nimeona wasee wawili wazuri kuniliko wakitoka kwa hii kazi hivyo, na hakuna aliyewaaga.

Kuuza kozi sijakataa. Muda wa mtu ni pesa, na anayefundisha hadithi, rangi na mdundo wa kukata, alipwe vizuri. Lakini kulipisha mtu kwa Caps Lock ni wizi wa mchana.

Kama mashine ni mbovu kweli

Mtaniambia: lakini kuna mashine zimechoka kweli. Ndiyo, zipo, na mabroka wananyamaza kuhusu hili pia, juu ukitengeneza hununui. Hata hapo kuna mpangilio wa kwenda nao.

Anza na zile za bure. Chomeka chaja, laptopu nyingi hupunguza nguvu zikiwa kwa betri. Fungua isafishwe vumbi na ibadilishwe pesti ya joto, mashine ikipata moto inajipunguza mwendo yenyewe. Kama ina kadi mbili za picha, nenda kwa mipangilio ya picha ya Windows uiambie programu yako itumie ile yenye nguvu. Sasisha draiva.

Halafu toa pesa kidogo. Kama bado una diski ya kuzunguka, weka SSD. Ile ya kuzunguka inasoma kama megabaiti 100 kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA kama 500. Hiyo tofauti utaisikia kwa mwili. Baada ya hapo ongeza RAM, toka 8 uende 16. Ukifanya hayo yote na bado unalia, sasa twende tukatafute laptopu, na nitakusindikiza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex mwaka 2010 kwa kompyuta alizounganisha mwenyewe kutoka kwa vipuri vya zamani. Milipuko, helikopta, kila kitu. Dunia nzima imeitazama. Lakini hadithi ina upande wa pili: filamu ya asili aliifuta ili apate nafasi ya kazi iliyofuata, na iliyobaki ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie juu yake. Mashine dhaifu haikumzuia kutengeneza. Kukosa diski ya pili ndiko kulikofanya ile ya asili ipotee. Kwa hivyo ukipata elfu nne za ziada, nunua diski ya kuhifadhia nakala kabla ya taa za rangi za ukutani.

Uliza kama fundi

Neno la mwisho ni lako wewe unayeuliza. "Bro, haifanyi" si swali. Daktari hawezi kukutibu ukimwambia "mwili". Niambie vitu vinne: programu gani na toleo gani; mashine ina RAM na kadi gani; faili ni ya aina gani; na ujumbe wa kosa unasema nini, neno kwa neno, bila kufupisha. Aina ya faili utaipata kwa programu ya bure inayoitwa MediaInfo, inakuonyesha kodeki na kama kasi ya fremu inabadilika. Ukikusanya hivyo vinne, mara nyingi utakuwa umeona jibu kabla hujatuma.

Na ukilipata, liandike. Kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha yoyote ya nyumbani, liandike mahali ambapo mwingine atalipata saa nane usiku akiwa na kazi ya kupeleka saa mbili asubuhi. Kila jibu tukiliacha wazi, broka mmoja anakosa mteja.

Kama kuna mtu unamjua sai yuko mbioni kuchukua mkopo wa laptopu, mtumie hii kabla hajaweka namba ya siri. Mwambie atafute kwanza kodeki ya hizo klipu zake. Tuanzie hapo.